Barua ya Kiingereza Niliyomsomea Bwana Luteni

Jumamosi, 1 Septemba 1917. Ifakara.

Nimeharibu. Niliandike hili mapema, kabla sijaanza kujitetea.

Fridolin, mkwe wangu, alikuwa na kazi nzuri. Wajerumani walimshika mwezi uliopita pamoja na mtumbwi wake, awavushe askari mtoni. Lakini kila jioni alirudi kulala nyumbani kwa mkewe. Mkewe ni Emerensiana, mwanangu wa pekee, na mimba yake ni ya mwezi wa nane. Katika vita hii mtu angetaka nini zaidi? Mimi nilitaka zaidi. Nilimwona mkwe wangu amesimama kwenye matope na pondo lake, anaitwa "wewe, mtumbwi!" kana kwamba hana jina la ubatizo, nikaona aibu. Juzi nikamwendea shaushi, yaani sajini wa kambi. Nikamwambia kijana huyu si wa matope. Ni mwaminifu, ana mgongo imara, afaa kubeba sanduku la karatasi za Bwana Luteni mwenyewe.

Shaushi alifurahi sana. Leo asubuhi wamemchukua. Mpagazi wa sanduku! Analala kambini, ndani ya ua wa miiba, na Alhamisi tarehe 13 atavuka mto na kikosi kizima kwenda Mahenge. Wapagazi wanaokwenda Mahenge hawarudi. Kila mtu hapa analijua hilo. Hata mimi nililijua juzi.

Emerensiana hakulia. Alikuwa anapepeta mchele. Alisema bila kuinua macho: "Baba, umemtoa wewe. Umrudishe wewe."

Nimemwahidi. Siku kumi na mbili. Nyingi.

Jumapili, 2 Septemba

Baada ya sala nilikwenda kambini na mpango. Nikamwambia shaushi kwamba, kwa bahati mbaya, Fridolin ana ugonjwa wa kifua. Nikakohoa kidogo ili aone mfano. Akaniuliza kama unaambukiza. Nikasema sana. Akaniuliza mbona majuzi nilimsifu mgongo. Swali hilo sikuwa nimelifikiria. Wakati huohuo Fridolin akapita, magunia mawili begani, akaniita kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto: "Shikamoo, Baba! Mama Mtarajiwa hajambo?"

Shaushi akaniambia mzee mwenye kikohozi kibaya hivi akae mbali na kambi.

Nikapitia dukani kwa Seifu kujipumzisha. Seifu ni mtu wa pwani, ana duka hapa tangu kabla ya Maji Maji. Siku hizi lina chumvi, vifungo na maneno mengi. Akanipa habari: Wajerumani wamemkamata tarishi wa Waingereza njia ya Kidatu, wamepata mfuko wa barua, na kambi nzima hakuna anayesoma Kiingereza.

Moyo uliniruka! Nani katika bonde hili lote amesoma Kiingereza kama mimi? Miaka saba katika nyumba ya wamisionari Unguja, walikonilea baada ya kukombolewa utumwani, mtoto nisiyejua kwetu ni wapi. Miaka saba ya sarufi! Nikamwambia Seifu kesho nitakwenda kwa Bwana Luteni.

Akacheka mpaka akashika kaunta. "Mwalimu Raimundi, Kiingereza chako ni cha kuchinja maneno. Hujapata kuyala hata siku moja."

Yeye Kiingereza alikiokota bandarini, akipakia makaa ya mawe melini. Hawezi kusoma herufi moja ya Kizungu. Hajui jina ni nini, wala kitendo, wala sifa. Anaongea tu!

Jumatatu, 3 Septemba

Nimefaulu! Bwana Luteni alinipokea kwenye hema. Ni kijana mwembamba, homa imemfanya wa manjano, Kiswahili chake ni kizuri ila kinatoka puani. Akanipa barua moja, kurasa mbili, mwandiko mdogo ulioinama. Akaniuliza nayajua maneno haya?

Nikapitisha kidole mstari wa kwanza. Nikamwambia hili ni jina, hiki kiunganishi, hiki kiwakilishi, hiki kitendo cha wakati uliopita. Sikukosea hata moja. Miaka arobaini! Nilikuwa karibu kutoa machozi. Naye alikuwa karibu kutoa machozi, nadhani kwa sababu nyingine. Akasema vyema sana, lakini barua inasema nini?

Nikamwambia kazi ya sarufi haiharakishwi.

Akanipa hadi Alhamisi. Nikaomba malipo yangu: Fridolin aachiwe arudi kwenye mtumbwi. Akasema nimsomee barua kwa ukweli, hata kama haina maana yoyote, na siku hiyohiyo mkwe wangu atalala kwake. Akanipa mkono. Mzungu akanipa mkono!

Nimemweleza Emerensiana. Aliacha kutwanga. Akaniuliza: "Baba, Kiingereza unakijua lakini? Kukijua kwenyewe?"

Nikamwambia najua aina zote nane za maneno.

Akasema hakuuliza hivyo. Kisha akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu Jumamosi, akanipikia kambare.

Jumanne, 4 Septemba

Kutwa nzima kibarazani na penseli. Chini ya kila neno nimeandika aina yake. Majina hamsini na mawili. Vitendo arobaini na kimoja. Vihisishi viwili tu, maana yake mwandishi ni mtu mtulivu.

Mwalimu wetu Unguja alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, fimbo mkononi. Alitupa sentensi, nasi tukaikata vipande kama fundi seremala akatavyo ubao. Alitufundisha kwamba neno halijulikani aina yake kwa kulitazama uso. Neno lilelile la Kiingereza lenye maana ya mviringo, round, laweza kuwa jina hapa, sifa pale, kwingine kitendo, kielezi, hata kihusishi. Uliza linafanya kazi gani katika sentensi. Hilo lilinikaa. Lakini maana ya sentensi zenyewe hakuitafsiri kamwe. Alidhani tunaijua. Sisi tulidhani haitakiwi. Aliyekata vizuri alipewa kipande cha sukari, na mimi nilikula sukari nyingi.

Basi hali ndiyo hii. Maneno ninayoyajua maana ni yale ya katekisimu, na mengine machache. Mkate. Mfalme. Dhambi. Katika barua hii hamna dhambi hata moja. Nimetambua manne tu: mama, miguu, mvua, mbwa.

Nimeyaandika kwenye karatasi pembeni na kuyatazama mpaka jua likashuka.

Miguu. Askari wa miguu!

Mvua. Watafika kabla ya mvua.

Mbwa. Mbwa wa kunusa nyayo. Waingereza wanawapenda.

Mama limenisumbua. Mwishowe nikalipata: kikosi mama, kile kikubwa, ambacho vidogo vinazaliwa nacho.

Kila kitu kimekaa mahali pake. Nimeogopa kidogo jinsi kilivyokaa.

Jumatano, 5 Septemba

Siku mbaya. Niliisoma barua kwa sauti kibarazani, ili kesho ulimi usinikwame. Kusoma kwa sauti najua, matamshi nilipigiwa viboko. Seifu akapita na mzigo wa chumvi. Akasimama. Nikaongeza sauti ili ajue. Nilipofika ukurasa wa pili nikamwona ameweka mzigo chini.

Akasema: "Rudia hapo penye mama."

Nikarudia. Akavua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena. Akasema tukae wote wawili, mimi nisome, yeye aniambie kinachosemwa. Akasema ni kazi ya nusu saa.

Nikamuuliza neno la tatu ni la aina gani.

Akasema hajui.

Nikamwambia asiyejua tofauti ya jina na kitendo hawezi kunifundisha Kiingereza katika kibaraza changu.

"Mwalimu," akasema, "mimi najua kitu kimoja tu. Aliyeandika hiyo alikuwa analia." Akabeba chumvi yake, akaenda.

Emerensiana alisikia yote kutoka jikoni. Akaja, mkono kiunoni, tumbo mbele, akaniomba nimwite arudi. Akasema Seifu si adui. Akasema: "Baba, nakuomba. Leo tu, usiwe mwalimu."

Nikamwambia mambo haya ni ya wasomi. Akarudi jikoni. Nikasikia sufuria zinawekwa kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Niandike sababu, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu.

Mwaka wa Maji Maji tulikuwa tunakaa Mofu, kwa watu wa mke wangu Scolastica. Vijana walikuwa wamekunywa maji, askari walikuwa wanatazamiwa. Akida mmoja, Makame, mtu wa pwani aliyeoa kwetu, akatuma karatasi kwa siri. Watu wote wakaniletea mimi, msomi wao. Ilikuwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu. Mimi nimelelewa na Wazungu, herufi za Kiarabu sikuzijua hata moja. Walikuwa wamenizunguka, wanawake wameacha mashamba. Sidhani hata niliishika upande wa sawa. Ningesema maneno mawili tu: siijui. Nikasema akida anatukumbusha zamu za kazi ya pamba.

Wakatukana pamba, wakarudi majumbani.

Siku ya tatu askari walichoma maghala yote. Scolastica hakufa kwa moto. Alikufa miezi mitano baadaye, kwa njaa, sisi tunachimba mizizi ya porini na mpunga wetu ni majivu. Emerensiana alikuwa na miaka minane.

Karatasi ile niliihifadhi. Tulipohamia Ifakara nilimpa Seifu anisomee, nikijifanya nimeiokota njiani. Akasoma: vusheni wanawake na mpunga ng'ambo, askari wanakuja Jumanne. Akanitazama. Akanirudishia. Miaka kumi na mmoja hajamwambia mtu.

Nadhani ndiyo sababu simpendi.

Alhamisi, 6 Septemba

Nilivaa koti. Nilikwenda kambini nikiwa nimeamua kabisa kusema ukweli: kwamba maneno manne nayajua na mengine siyajui. Niliurudia ukweli huo njia nzima kama sala.

Hemani walikuwepo Wazungu watatu. Viti vilipangwa. Shaushi alisimama kwa heshima nilipoingia. Kulikuwa na kiti changu!

Nikakaa. Nikasema jeshi la Waingereza linakuja, askari wa miguu, kikosi mama chenyewe, na mbwa wa kunusa, kabla ya mvua.

Wakatazamana. Bwana Luteni akauliza ni wengi kiasi gani. Nikasema wengi. Akauliza wanatokea upande gani. Barua haikuwa na upande. Lakini alikuwa ananitazama kama mgonjwa anavyomtazama mganga, nikashindwa kumnyima. Nikasema Mlimba. Ndilo jina la kwanza lililonijia.

Akafunua ramani. Wakaongea Kijerumani kwa haraka, vidole vinakimbia juu ya mto. Nikasikia Mlimba mara sita. Nilijisikia vizuri, Mungu anisamehe. Mtu amesema neno na Wazungu watatu wanalirudia.

Kisha Bwana Luteni akasimama. Akasema kama Waingereza wanatokea Mlimba basi watawakatia njia ya Mahenge. Hawawezi kusubiri tarehe 13. Kikosi kinavuka kesho asubuhi.

Nikamkumbusha Fridolin.

Akasema, kwa upole kabisa: "Mzee, kwa habari uliyonipa sina mgongo hata mmoja wa kuacha."

Akanipa mkono tena. Ulikuwa wa moto kwa homa. Nilipotoka, shaushi akanipigia saluti.

Sijamwambia Emerensiana. Ameniuliza nini kimetokea, nikasema bado wanafikiri. Amefua shati la Fridolin na kulianika, akijua leo anarudi.

Ijumaa, 7 Septemba

Wamevuka.

Habari zilimfikia Emerensiana kabla yangu. Nilimkuta ukingoni, amesimama katika umande, shati mkononi. Wapagazi walipangwa kwa mstari, mizigo kichwani, wakaingizwa mitumbwini kumi kumi. Fridolin alikuwa wa nne katika mtumbwi wake mwenyewe, unaoendeshwa na mtu mwingine vibaya. Sanduku la karatasi kichwani. Alituona. Nilidhani atanilaani, na nilikuwa tayari. Akapaza sauti:

"Baba, shikamoo! Mwangalie! Na migono yangu mitatu iko bwawani kule kwenye matete, muitoe kabla samaki hawajaoza!"

"Marahaba," nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo. Hakusikia.

Emerensiana alimwonyesha shati. Alilitandaza hewani kwa mikono miwili, akalishika hivyo mpaka mtumbwi ulipofika ng'ambo.

Seifu alikuwepo na mkewe Kadija. Akaja karibu yangu. Akasema si vizuri kumwambia mtu sasa, lakini afadhali nijue. Barua ile ni ya mama mmoja wa Kiingereza kwa mwanawe askari. Anamuuliza kama miguu yake ni mikavu wakati wa mvua, kama soksi alizomfumia zinamtosha. Mbwa wao amekufa. Baba yake haongei tangu yule ndugu mkubwa auawe. Anasema kila siku husimama dirishani ingawa anajua ni upuuzi.

Basi. Hayo tu. Ningeyasema hayo, Bwana Luteni angeitupa barua, na Fridolin angelala kwake jana.

Emerensiana alikuwa nyuma yetu. Amesikia.

Kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia: "Na ile karatasi ya Mofu, ilisemaje?"

Mtoto wa miaka minane. Alikuwepo. Alikuwa ameshika koti langu.

Seifu akatazama mto. Kadija akamshika mkono mwanangu, akamwongoza taratibu kwenda kwao, na hakuna aliyeniita niwafuate.

Jumapili, 9 Septemba

Nimekwenda kutoa migono, mitego ya Fridolin. Angalau hilo! Matete yananizidi kimo. Wa kwanza niliupata. Wa pili niliupata kwa mguu, nikaingia bwawani hadi kifuani na koti langu. Wa tatu sikuuona. Kambare mmoja hai, wengine tayari wananuka.

Nilimpeleka yule mmoja nyumbani kwa Seifu. Kadija alitoka. Akanitazama matope yakinidondoka. Akasema: "Mzee, ungemtuma mtu." Nikasema nilitaka mwenyewe. Akampokea kambare. Nikauliza kama Emerensiana atatoka kunisalimu. Akasema amelala. Nilikuwa naisikia sauti yake ndani, anaongea.

Alhamisi, 13 Septemba

Ndiyo siku ambayo Fridolin angevuka, kama ningekaa kimya. Kungekuwa na siku sita zaidi za kumtafutia njia. Pengine ningefikia hata kumwita Seifu.

Nimeandika barua ya kuomba radhi. Siku tatu kazini. Kiswahili safi, aya nne. Ya kwanza kuhusu Mofu, kwa ukweli wote. Niliirekebisha mara tisa. Sifa nyingi nilizitoa, zilikuwa zinaniombea huruma. Ilipokamilika nilijua sijawahi kuandika kitu bora. Kila neno lilikuwa na kazi.

Nikampa Kadija ampelekee. Akaigeuza mkononi.

"Mzee," akasema, "mwanao hajui kusoma."

Kweli. Nimefundisha watoto wa kiume wa bonde hili miaka kumi. Nimewafundisha wa majumbe, wa maaskari, mpaka mpwa wa shaushi. Emerensiana alikuwa anatwanga nje ya dirisha. Sikuwahi kufikiri.

Kadija akasema naweza kuingia nimsomee mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi. Niliona ukingo wa mkeka na miguu ya mwanangu, imevimba.

Nikasema nitarudi. Barua ninayo.

Jumapili, 16 Septemba

Amejifungua alfajiri. Mtoto wa kike. Wote wazima. Kadija ndiye aliyemzalisha, akaja mwenyewe kunipa habari, kanga bado imelowa. Wamempa jina Scolastica.

Nikauliza kama mama yake ananiulizia. Kadija ni mtu mkweli. Akasema anauliza habari za Fridolin tu.

Nilikaa nje ya ua wao hadi jua la saa nne. Mtoto analia kwa nguvu. Vihisishi vitupu. Nilicheka peke yangu, kisha haikuwa kicheko.

Jumatano, 19 Septemba

Kambi ya Wajerumani ni majivu na makopo. Kila mtu anasema Waingereza watafika wiki hii kutoka Kidatu. Wakifika watavuka kuwafuata Wajerumani, na watapiga risasi yeyote mwenye mzigo.

Lakini wao nitazungumza nao! Nimetunga salamu. Nitawaeleza kwamba mtu mmoja, mrefu, mwenye kovu la pondo kiganjani, anayebeba sanduku la karatasi, si askari, asipigwe, arudishwe. Safari hii nimetumia maneno machache. Mama. Miguu. Nimeyazungushia mengine niliyoyatoa kumbukumbuni, ambayo aina zake nina hakika nazo.

Seifu alinipitia. Akasema akisikia wamefika atakuja tukaongee nao pamoja. Nikamshukuru. Kwa dhati nilimshukuru. Nikamwambia atajulishwa.

Jumatatu, 24 Septemba

Wamefika!

Sikumjulisha Seifu. Nilikuwa njiani na koti langu tangu saa kumi na mbili, kofia mkononi. Askari weusi wengi mbele, Mzungu juu ya nyumbu. Nikajitokeza katikati ya njia, nikatoa salamu yangu yote, bila kukwama, matamshi kamili. Mzungu akanisikiliza hadi mwisho. Akajibu.

Si Kiingereza. Hata neno moja. Si Kijerumani pia.

Ni Wabelgiji! Watu wa Kongo. Lugha yao inateleza kama mlenda. Sikujua kama kuna Wazungu wa namna hiyo katika vita hii.

Walipiga kambi palepale penye majivu. Nilikuwa narudi nyumbani, kofia bado mkononi, nikamwona Emerensiana anakuja njiani, mtoto mgongoni. Siku kumi na saba hajasema nami. Akasimama mbele yangu. Amekonda. Akageuka kidogo upande ili nimwone mtoto, na nikamwona. Ana paji la uso la Fridolin.

Akasema wageni wanavuka kesho kutwa. Akasema mtu lazima amwambie mkubwa wao habari za Fridolin kabla hawajavuka, na Seifu ameshaanza kuongea na askari wao, kwa kuwa wanajua Kiswahili cha kwao. Seifu ametuma kusema tumwachie yeye. Lakini mwanangu amekuja kwanza kuniuliza mimi.

"Baba," akasema, "lugha ya huyo Mzungu unaijua? Kama huijui, sema tu. Sitakasirika. Nitakwenda kwa Bwana Seifu."

Aliniita Baba. Alinisubiri, anamtikisa mtoto polepole, na uso wake ulikuwa wazi kabisa, kama ulivyokuwa zamani. Mtu angejibu nini?

Nimemwambia naijua. Nimemwambia Seifu asijisumbue. Naonana na Mzungu kesho saa mbili, na bado nina alasiri nzima ya kujifunza.